Vumbi Haliogopi Mahubiri

Mwaka jana mteja mmoja wa ng'ambo alinilipa niandike jinsi ya kutunza sakafu za mbao. Usimwage maji. Tumia kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Bandika vipande vya nguo laini chini ya miguu ya viti. Niliandika yote hayo nikiwa Kitale, kwenye chumba cha kupanga chenye simiti iliyopasuka, na sijawahi kulala nyumba ya sakafu ya mbao hata siku moja. Lakini pesa ni pesa. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nilijiambia nitaandika chochote kinacholipa.

Wiki hiyohiyo kukhu akanipigia simu kutoka Bungoma, upande wa Chwele. Afisa mmoja wa afya alikuwa amepita kijijini. Alimkuta mtoto wa binamu yangu ana funza kwenye vidole vya miguu, akasema mbele ya majirani, "Mama, huu ni uchafu. Fagia nyumba." Kukhu amepita miaka sabini. Hufagia kila siku kabla jua halijatoka. Hakulia kwenye simu. Aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, nikifagia mchanga nitafika wapi?"

Nilikosa la kusema. Sasa ninalo, na silielekezi kwa kukhu. Nalielekeza kwa afisa yule na kwa sisi wote tunaofikiri kama yeye.

Kusafisha ni kuondoa uchafu juu ya sakafu. Pale ambapo sakafu yenyewe ni udongo, unaondoa nini ubaki na nini? Ukifagia leo umetoa vumbi, na chini yake kuna vumbi lingine linangoja kesho. Ukizidi kufagia unachimba shimo. Ndiyo maana nyumba nyingi za zamani ukiingia unashuka kidogo, kama unaingia kwenye bakuli.

Na msidhani kukhu hajui kazi. Hunyunyiza maji kwanza, kwa vidole, ili vumbi lilale, ndipo apitishe ufagio. Jumamosi hupaka sakafu. Samadi mbichi ya ng'ombe, udongo wa mfinyanzi, jivu kidogo, maji kwa kipimo anachokijua mkono wake. Anapiga magoti na kurudi kinyumenyume kutoka ukutani hadi mlangoni, ili asikanyage alipopaka. Ikikauka, inashika vumbi kwa siku kadhaa. Halafu inapasuka, na kazi inaanza upya. Zamani samadi ilikuwa bure kwa sababu ng'ombe walikuwepo. Shamba limegawanywa mara ngapi sasa? Ng'ombe hakuna. Siku hizi kukhu anaenda kuomba samadi kwa jirani akiwa na karai kichwani, na akirudi anaambiwa ni mchafu.

Linganisha na chumba changu Kitale. Sakafu ni simiti yenye rangi nyekundu, ile ambayo wengi wetu tumekua tukiipaka Mansion na kuisugua kwa kipande cha blanketi kuukuu mpaka iteleze. Napiga deki kwa dakika kumi. Ndoo moja, tambara moja, Omo kidogo, nimemaliza. Shida yake ni kwamba fundi wa landilodi alikuwa na haraka. Simiti mpya inatakiwa iwekwe maji kwa siku saba hivi ili ikomae. Ikikauka haraka inakuwa dhaifu, inatoa unga ukiifagia, na mwaka haujaisha imeanza kubanduka. Hata hivyo, mgeni akiingia anasema, "Umejipanga."

Halafu kuna nyumba moja ya Milimani, hapahapa Kitale, nilikofanya kibarua miezi mitatu kazi za kuandika zilipokauka. Vigae kila mahali, terazo kwenye baraza. Huko ukipitisha mopu mara moja nyumba inang'aa. Mwenye nyumba alisifiwa na kila mgeni kwa usafi wake, na sikuwahi kumwona ameshika tambara. Tuliokuwa tukishika ni mimi na dada mmoja kutoka Bungoma, ambaye kwao ni udongo kama kwetu. Hatukuwahi kufundishwa chochote. Siku moja alimwaga Jik juu ya asidi ya choo ili sakafu ya bafu iwe nyeupe zaidi, tukatoka mbio tunakohoa, macho yanawaka. Vitu hivyo viwili vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na klorini inaweza kuua. Tena asidi hiyohiyo hula simiti iliyo katikati ya vigae. Hata siki haifai kwenye terazo, kwa sababu vipande vya marumaru vilivyomo ndani yake huliwa na kitu chochote kichachu. Sabuni ya kawaida na maji yanatosha. Hayo niliyajua baadaye, nikiyaandika kwa malipo.

Basi tazama ngazi hiyo. Kadiri sakafu inavyokuwa ghali, kazi inapungua na sifa inaongezeka. Mwanamke anayefanya kazi kubwa kuliko wote ndiye anayeitwa mchafu. Tunachokiita usafi wa mtu, mara nyingi ni bei ya kitu anachokanyaga.

Na hili si suala la heshima tu. Funza jike hujichimbia kwenye ngozi, huvimba kwa mayai, kisha mayai huanguka chini. Mabuu yake hukulia kwenye vumbi kavu. Maana yake sakafu ya udongo ndiyo chumba chake cha kulelea watoto. Unaweza kutoa funza wote mguuni leo, na mtoto akalala palepale juu ya wengine. Minyoo nayo ni hivyohivyo. Watoto wetu wanapewa vidonge shuleni, jambo zuri, lakini kidonge kinaua mnyoo aliye tumboni. Hakifiki sakafuni. Mtoto anayetambaa bado anatia mkono mdomoni.

Wenzetu wamelielewa hili. Jimbo la Coahuila, Mexico, lilianza mwaka 2000 kuwawekea watu wenye nyumba za udongo sakafu za simiti, hadi mita 50 za mraba kwa nyumba. Watafiti walipofuatilia, matokeo yao ya mwaka 2009 yalionyesha watoto wakiwa na minyoo kidogo zaidi, kuhara kidogo zaidi na upungufu mdogo wa damu. Akina mama walikuwa na furaha zaidi. Rwanda kuna shirika liitwalo EarthEnable linaloshindilia udongo na kuupaka mafuta ya kitani mpaka unakuwa mgumu na unaweza kuoshwa, kwa wale ambao simiti ni ghali mno. Na tusiende mbali: watafiti wameichagua Bungoma yenyewe, pamoja na Kwale, kupima kama sakafu bora zinapunguza minyoo na funza majumbani. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hajui kwamba tatizo liko chini ya miguu yetu.

Kuna watakaoniambia kwamba sakafu ya samadi ni utamaduni, nisiidharau. Siidharau. Nimekua juu yake. Ila nimegundua kwamba wanaoipenda zaidi ni wale wanaoikuta Krismasi, wanapiga picha, halafu Januari wanarudi kwenye vigae vyao. Utamaduni ambao magoti yanayoumia ni ya mwanamke mmoja tu, na samadi ya kuutunza imekwisha, tuuheshimu kwa kumpumzisha.

Wengine watasema hakuna pesa. Kila mwezi mwajiriwa wa Kenya anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba, tangu sheria ya 2024 ilipopitishwa, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Kila tunapoijadili hela hiyo tunajadili magorofa: nani atapewa, nani ataweza kulipa. Sijasikia mtu akisimama kwenye mkutano wa hadhara Bungoma au Trans Nzoia akiuliza habari ya sakafu za nyumba ambazo tayari zina watu. Kukhu hahitaji gorofa. Ana nyumba, ana shamba dogo, ana kaburi la mume wake nyuma ya jiko. Anachohitaji hakizidi upana wa sentimita chache za simiti.

Kwa hiyo ombi langu ni fupi. Afisa akija kwa boma na kumkuta mtoto ana funza, asiandike "uchafu". Aandike "sakafu ya udongo, vyumba viwili", na orodha hiyo iende kwa kaunti kama vile orodha ya chanjo inavyoenda. Sensa ya 2019 iliuliza kila nyumba sakafu yake ni ya nini. Mmeshatuhesabu. Sasa njooni na simiti.

Zile hela za sakafu za mbao zilinunua mifuko minne ya simiti na mchanga wa chumba kimoja, kile analolala mtoto. Fundi alipomaliza nilimwambia kukhu asiiache ikauke, aimwagilie siku saba. Alicheka. Alichukua beseni, akachovya vidole, akanyunyizia sakafu vilevile alivyoinyunyizia ile ya udongo maisha yake yote. Kisha akauliza chumba cha pili kitafanywa lini.

Sina jibu la hilo. Mifuko mingine haijapatikana, na kazi za mteja wa ng'ambo zimekwisha. Jumamosi hii kukhu ataomba tena samadi kwa jirani.