Mtoto Anakula na Kukonda: Tuulize Matumbo, Tusitafute Mlozi



Kuna jambo moja linalosumbua nyumba nyingi katika vijiji vyetu vya Ituri na Kivu, hata nyumba za Wakristo. Mtoto anakula, lakini anakonda. Anapewa bugali na sombe kama ndugu zake, lakini mikono yake ni kama vijiti, na tumbo limevimba. Jua likiisha kushuka anajigonga na kuanguka, kwa maana haoni. Ndipo maneno yanaanza. Watu wanasema kwamba kuna mtu anayekula nguvu zake usiku. Wanamtazama bibi mzee wa nyumba ile, na jina la mlozi linatajwa. Mzee anafukuzwa, ndugu wanaachana, na mtoto anaendelea kukonda.

Nasema wazi: desturi hii ni mbaya, na haimponyi mtoto. Kabla ya kumshitaki mtu yeyote, tuulize kwanza habari za matumbo.

Mtu hafaidiwi na chakula alichomeza tu. Anafaidiwa na kile ambacho matumbo yake yamepokea. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa meta 6 hivi, na ndani yake kuna vinyweleo vidogo sana, kama uso wa taulo. Hivyo ndivyo vinavyopokea chakula na kukipitisha mwilini. Mafuta yanahitaji kazi zaidi, kwa sababu hayachangani na maji. Ini linatoa nyongo ili kuyagawanya vipande vidogo, na kongosho linatoa maji yake ili kuyavunja. Tena kuna vitamini nne, A, D, E na K, ambazo zinasafiri pamoja na mafuta. Mafuta yakipita bure, nazo zinapita bure. Pasipo vitamini A, macho hayaoni wakati wa giza, kisha yanakauka, na mwisho yanaweza kupofuka kabisa. Pasipo vitamini D, mifupa ya mtoto inalegea na miguu inapindika. Pasipo vitamini K, damu haigandi vema, na kidonda kidogo kinatoka damu nyingi.

Ni nini basi kinachoharibu matumbo? Ni kuhara kunakorudi mara kwa mara. Ni jiardia, mdudu asiyeonekana kwa macho, anayeingia pamoja na maji machafu na kujishikiza ndani ya utumbo. Ni minyoo inayoshindania chakula cha mtoto, na safura inayonyonya damu yake. Kwa mtu mzima inaweza kuwa kifua kikuu cha matumbo, ao ukimwi. Njaa nayo inaharibu vile vinyweleo. Hivi ugonjwa unaleta njaa, na njaa inaongeza ugonjwa.

Mama, choo cha mtoto wako ni shahidi wa kweli kuliko maneno ya majirani. Kama ni kingi, cheupe-cheupe, chenye mafuta na harufu mbaya sana, tena kinaelea juu ya maji, ujue ya kuwa mafuta hayapokewi. Usione haya kumwambia mganga wa hospitali. Bwana Yesu mwenyewe, katika Marko sura ya 7, hakuona haya kusema juu ya chakula kinachoingia tumboni na kutoka.

Wengine watanijibu: «Lakini pepo wabaya wako.» Sikatai. Lakini amri ya Mungu inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Anayemtaja mzee kuwa mlozi, naye hakuona neno lo lote ila mtoto aliyekonda, anavunja amri hiyo, hata kama anaomba kila asubuhi kanisani.

Kuna makosa mengine mawili yanayomwumiza mgonjwa. La kwanza ni kumnyima chakula na kumtia dawa za majani kwa njia ya haja kubwa, ili tumbo lisafishwe. Utumbo uliochoka unachoka zaidi, na maji ya mwili yanapotea. Watoto wengine wanakufa kwa dawa hizo, si kwa kuhara. Kumbukeni binti wa Yairo. Bwana alipomfufua, aliagiza apewe chakula.

La pili ni kupoteza feza sokoni kwa vidonge na sindano za vitamini, pasipo kupimwa. Kama matumbo hayapokei, vidonge navyo vinaweza kupita bure. Tena vitamini A nyingi mno ni sumu, na mwanamke mwenye mimba asimeze vidonge vyake vikubwa kamwe. Tibu matumbo kwanza. Feza ile ingenunua mayai na sambaza kwa siku nyingi.

Sasa tufanye nini? Mtoto akihara, umpe kunyonya na kula kama desturi, kidogo kidogo, mara nyingi. Umpe maji ya chumvi na sukari: litre 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, na nusu ya kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Hospitalini ataongezewa zinki kwa siku 10 hata 14. Kama kuhara kunapita siku 14, ao kuna damu, ao macho yamezama, ao hawezi kunywa, mlete upesi. Kama haoni jioni, mlete siku ile ile, hata kama hahari, maana mara nyingine chakula chenyewe kimekosa vitamini A. Watoto wa miezi 6 hata 59 wapewe vitamini A kila miezi 6, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka 1.

Matumbo yakiisha kutulia, tuonge mboga zake kwa mawese mekundu. Rangi ile nyekundu ndiyo ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Msiyachome mpaka yawe meupe, maana mnaiua faida yake. Lakini mgonjwa ambaye choo chake kingali cha mafuta afuate kipimo cha mganga.

Mwisho, tuchimbe vyoo, tuvifunike, tunawe mikono kwa sabuni, na tuchemshe maji ya kunywa. Waisraeli waliagizwa kuchukua kijiti cha kuchimbia na kufunika uchafu wao nje ya kambi. Someni Kumbukumbu la Torati 23. Kama watu waliolala katika hema waliweza, sisi wenye nyumba tutajitetea namna gani?

Wazee wa kanisa, nanyi nawaomba. Siku mtakapoitwa kuhukumu neno la ulozi juu ya mtoto aliyekonda, msikae barazani kwanza. Mpelekeni mtoto hospitalini, na bibi yake aende pamoja naye. Mara nyingi ni yeye anayempikia uji na kumbeba mgongoni. Mkimfukuza, mtakuwa mmemwondolea mtoto mlinzi wake.