Kiboko Kinachotangulia Swali

Adhabu ya viboko katika shule za Tanzania inaongozwa na kanuni za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Viboko ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, visizidi vinne, na kila tukio liandikwe kitabuni: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa. Kilichomfikisha mtoto kwenye kosa hakitajwi. Hilo ndilo pengo kubwa la kanuni hizo.

Januari 2023 ilisambaa video ya mwalimu mkuu mmoja wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, akiwachapa wanafunzi kwenye nyayo. Alivuliwa madaraka, na ilistahili. Lakini kila yanapotokea ya namna hiyo, watu hubishania idadi ya viboko na mahali vilipopigwa. Mtoto mwenyewe haulizwi ametoka wapi.

Wapo wanaosema madarasa yamefurika, mwalimu hawezi kujua habari za kila nyumba. Wengine huhofia kwamba bila fimbo nidhamu itaporomoka. Msongamano ni wa kweli. Hata hivyo, mwalimu anayepata nafasi ya kumchapa mtoto anayo pia nafasi ya kumuuliza.

Kosa la kuchelewa linatosha kuonyesha. Dar es Salaam, nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni shilingi 200, chini ya nusu ya nauli ya mtu mzima, na kwa sababu hiyo makonda wengi huwazuia mlangoni. Mtoto wa Mbagala huamka gizani, akaachwa na gari la kwanza, la pili, la tatu. Akifika shuleni, mwalimu wa zamu yuko getini na fimbo. Kesho yake konda ni yuleyule na viboko ni vilevile. Mwingine amechelewa kwa kumwogesha bibi aliyepooza, na mwingine alilala njaa.

Akiulizwa mbele ya wenzake, hunyamaza. Amelelewa akiambiwa kwamba mambo ya nyumbani hayatolewi nje, na kusema kwamba jana hakukupikwa ni kumwaibisha mama. Mwalimu huuona ukimya huo kuwa kiburi, akaongeza kiboko. Hapa hakuna cha kutetea. Mtoto anaadhibiwa kwa heshima aliyofunzwa kwao, na anayemwadhibu ni mtu mzima aliyelelewa hivyohivyo, anayejua fika maana ya ukimya wa mtoto.

Mwaka huohuo wa 2002 serikali ilitoa pia waraka wa kuanzisha ushauri nasaha shuleni. Shule nyingi zimemkabidhi kazi hiyo mwalimu mwenye vipindi tele na asiye na chumba cha kuzungumza na mtoto faragha. Fimbo haikuhitaji chumba.

Wizara ya Elimu iongeze safu moja katika kitabu cha viboko: sababu ya kosa, kwa maelezo ya mtoto aliyoyatoa faragha. Ijazwe kabla fimbo haijainuliwa.