Napoli: Macho Peke Yake Hayatoshi

Wako miongoni mwetu, na baadhi yao ni walimu wenzangu, washikao ya kwamba msafiri mwenye adabu huenda nchi za watu kutazama majengo na kujifunza historia, na kwamba habari za kula ni habari za walafi. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mwaka juzi nilikaa siku nne katika mji wa Napoli, kusini mwa Italia, na nathubutu kusema ya kuwa mtu aliyeutazama mji ule bila ya kula walapo wenyeji ameuona nusu tu.

Kwanza tuwape watazamaji haki yao. Napoli ni mji wa kale sana. Waliouanzisha ni Wagiriki, na maana ya jina lake ni "mji mpya", jambo la kuchekesha kwa mji uliopita miaka 2,400. Katikati yake yapita njia nyembamba iliyonyoka, iitwayo Spaccanapoli, yaani mpasua Napoli. Karibu na njia hiyo, katika kanisa dogo la Sansevero, iko sanamu ya Yesu amelazwa maiti, aliyoichonga Giuseppe Sanmartino mwaka 1753. Amefunikwa sanda nyepesi, na sanda yenyewe ni marumaru ile ile ya mwili, lakini ungeapa kwamba ukiipuliza itapeperuka. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kunitazama mimi badala ya sanamu.

Walakini kitu kilichonishika zaidi kilikuwa katika Makumbusho ya Taifa ya vitu vya kale. Humo vimewekwa vitu vilivyofukuliwa Pompeii na Herculaneum, miji iliyofukiwa na mlima wa moto Vesuvio mwaka 79. Pamoja na sanamu na picha za thamani, iko mikate. Naam, mikate! Ni ya mviringo, imegeuka mkaa, na juu yake bado yaonekana mistari aliyoitia mwokaji ili ikatike vipande sawasawa. Huko Pompeii kwenyewe ziko meza za kujengwa zenye mashimo ya kutilia vyungu, ambapo watu walinunua chakula cha moto kando ya njia. Moja, iliyomalizika kufukuliwa mwaka 2020, ina picha za jogoo na mabata, na rangi zake bado zang'aa. Sasa nawauliza wenzangu: ikiwa chakula cha njiani cha zamani ni historia ya kutiwa ndani ya kabati la kioo, kile kiuzwacho leo hatua chache nje ya mlango kimekosa nini?

Nje ya mlango ni pizza. Asili yake ni chakula cha maskini wa Napoli: unga, maji, chumvi na hamira, na juu yake nyanya, ambazo Ulaya hazikujulikana mpaka zilipoletwa kutoka Amerika katika karne ya 16. Tanuri ni la kuni, na moto wake ni mkali hata pizza huiva kwa dakika moja au moja na nusu. Ile iitwayo marinara haina nyama, samaki wala jibini, ila nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni. Ya njiani hukunjwa mara mbili kama leso, ukaila umesimama huku pikipiki zikikupita ubavuni. Mwaka 2017 UNESCO iliuandika ufundi wa wapishi hao katika orodha ya urithi wa wanadamu, lakini watu wa Napoli walikuwa wakijivunia zamani. Sisi mgeni akija shuleni twamwandalia wali na soda, na muhogo wa kuchoma twauficha nyuma ya jiko.

Kahawa nayo hunywewa wima, mbele ya meza ndefu, baada ya glasi ya maji. Kikombe ni kidogo, na kahawa ni chungu kama ya Pwani. Wakaangaji wa Napoli hupenda sana kutia robusta, aina ile ile ilimwayo Bukoba na Uganda, na Italia ni mnunuzi mkubwa wa kahawa ya Uganda. Tena wana desturi ya kale: mtu hulipia vikombe viwili, akanywa kimoja, cha pili akamwachia asiyemjua, asiye na fedha, atakayepita baadaye na kukiuliza. Jambo hili hulioni kwa kutazama nyumba kutoka dirisha la basi.

Sisemi kila kitu ni kizuri. Makelele hayaishi, njia nyingine ni chafu, na mfuko wapasa kushikwa. Na ndugu zangu Waislamu waulize kabla ya kununua sfogliatella, ule mkate mtamu wa tabaka nyingi, maana kwa desturi hutiwa mafuta ya nguruwe.

Mwalimu mwenzangu mmoja alipita Napoli kwa saa tano akielekea Pompeii, na alikula biskuti alizochukua nyumbani. Picha zake ni nzuri sana.