Mto wa Jezi Kuukuu

Hapa Lukuledi Simba na Yanga hulala chini ya paa moja. Baba ni wa kijani na njano, kijana ni wa nyekundu na nyeupe. Jezi zao zikichakaa tusizifanye tambara la kudekia. Tuzishonee mto wa kochi.

Kwanza tuombe ruhusa! Sisi tulikata moja bila kuuliza, kumbe ndiyo aliyoivaa baba watoto siku alipozaliwa kifungua mimba wetu. Siku mbili hatukusemeshwa.

Tukate miraba 9 ya sentimita 15. Jezi huvutika, kwa hiyo kila mraba tuupige bandi juu ya kipande cha marekani kilicho sawa nao. Tuunganishe mitatu mitatu, mshono sentimita 1. Chini tuweke kipande cha blanketi kuukuu, kisha tupitishe cherehani kwa mistari ya mshazari, pembe hadi pembe. Pasi ya mkaa isiguse jezi, maana nailoni huyeyuka.

Mgongoni tutumie vipande viwili vya kanga vinavyopandana, ili foronya ivuliwe na kufuliwa. Sufi tuishonee mfuko wake, la sivyo itajaa puani na kwenye nywele. Yenyewe haifuliwi, huanikwa juani.

Mraba wenye namba ya jezi ile tuliuweka katikati. Sasa baba watoto huukumbatia mto huo kila timu yake inapotangazwa redioni, na kijana haruhusiwi kuugusa.