Jina la Mwanao Liandikwe Sawa Kabla Hujatoka Wodini



Mfuko wa kwendea kujifungulia kila mmoja wetu anaujua. Mama huupanga, wifi huukagua, shangazi huongeza khanga yake. Mna pampasi, mafuta ya nazi, nguo za mtoto zilizofuliwa na kupigwa pasi, chupa ya chai ya tangawizi. Kinachokosekana mara nyingi ni bahasha. Ndani yake kiwemo kitambulisho cha mama, nakala ya kitambulisho cha baba, nakala ya cheti cha ndoa, na kikaratasi chenye jina la mtoto, moja la kike na moja la kiume, limeandikwa kwa herufi kubwa zinazosomeka.

Sisi Wazanzibari katika kuandikisha watoto tumewatangulia wenzetu wa Bara kwa mbali, na hilo ni la kushukuru. Tangu ilipopita sheria ya 2018 iliyounda Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, vizazi, vifo, ndoa, talaka na vitambulisho vimewekwa chini ya paa moja. Kwa hiyo shida yetu kubwa si mtoto kutoandikwa kabisa. Ni kuandikwa visivyo, au kuandikwa baada ya wiki nyingi, wakati mkunga aliyempokea ameshahamishwa zamu na hakuna anayekumbuka saa. Na paa likiwa moja, kosa la siku ya kwanza lina njia nyepesi ya kumfuata mtoto mpaka ukubwani.

Kosa linaloongoza ni la herufi. Salha anakuwa Saleha, Zuhra anakuwa Zuhura, Fatma anakuwa Fatuma, Othman anageuka Athumani. Karani anaona jina ni lile lile, na kwa mdomo kweli ni lile lile. Kompyuta ya pasipoti haioni hivyo. Binamu yangu alipotaka kwenda Umra na mumewe, cheti cha kuzaliwa kilisema Rukia, cheti cha skuli kikasema Rukiya, na kitambulisho kina jina la tatu, Ruqaiya. Akaenda kwa sheha, akala kiapo, akarudishwa ofisini na kuambiwa aje wiki ya pili. Kundi likaondoka, mumewe akaondoka nalo kwa kuwa pesa zilishalipwa, yeye akabaki anapika ftari nyumbani. Alikwenda mwaka uliofuata, alhamdulillah, lakini ile Ramadhani hairudi.

Nyinyi mabibi harusi hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwani lipo kosa jengine linalowahusu nyinyi wenyewe kabla ya mtoto. Kwa dini yetu mwanamke akiolewa habadilishi ubini wake. Wewe ni Maryam binti Ali mpaka siku ya kuingia kaburini. Lakini ukifika kliniki mara ya kwanza umeongozana na mume wako Khamis, nesi anaandika "Maryam Khamis" na wewe unatabasamu, kwa sababu ndoa bado mbichi na jina la mume linakupendeza masikioni. Kadi hiyo ndiyo hunakiliwa siku ya kujifungua. Mtoto anatoka na mama ambaye hayupo kwenye kitambulisho chochote. Siku atakapohitaji kuthibitisha kuwa wewe ni mama yake, kwa safari, kwa matibabu au kwa mirathi, utahitaji mashahidi kwa jambo ambalo wodi nzima ililishuhudia. Mwambie nesi pale pale, kwa upole: ubini wangu ni wa baba yangu.

Halafu kuna siku na saa. Sisi siku yetu huingia kwa Magharibi. Mtoto akizaliwa Alkhamisi baada ya Isha, bibi yake atasema kazaliwa usiku wa Ijumaa, na amesema kweli. Kwa serikali siku hubadilika saa sita ya usiku, kwa hiyo huyo ni wa Alkhamisi. Fomu ikijazwa wiki tatu baadae kwa maneno ya bibi, tarehe inaruka siku moja. Na saa zetu nazo! Mkunga akiandika "saa 8" bila ya kusema usiku, na mwengine akaisoma kwa saa za kizungu kuwa ni 20:00, zimeshapotea saa 18. Kwa pacha ndiyo balaa, maana hata nani kamtangulia nani hujulikana kwa dakika. Wengine wetu hukumbuka mwezi wa mfunguo tu, "alizaliwa mfunguo pili", na karani hukadiria. Dawa ya yote haya ni moja. Tarehe na saa ziandikwe na yule aliyempokea mtoto, saa ile ile, kabla hajavua glavu za pili.

Najua nitakachojibiwa. "Jina tunatoa siku ya saba, na akika." Ni sunna, na sina ugomvi nayo. Lakini Mtume (s.a.w.) alipozaliwa mwanawe Ibrahim alimpa jina usiku ule ule, akawaeleza masahaba kuwa kamwita kwa jina la baba yake, Nabii Ibrahim. Njia zote mbili zipo. Wewe unayeogopa kuwa kuandaa jina mapema ni kumtangulia Mwenyezi Mungu, au unaogopa jicho la watu, likunje jina lako ulitie kwenye bahasha, hakuna atakayelijua mpaka ulitoe. Mnaongoja siku ya saba, basi siku hiyo hiyo baba asikae barazani kula pilau tu. Kesho yake asubuhi aende ofisini na karatasi zake. Familia nyingi husema "tukitoka arobaini", na arobaini ikitoka hutokea harusi, msiba, au Ramadhani. Kama baba yuko Maskati kwa kazi, nakala zake zitumwe kabla ya mwezi wa tisa, si baada ya mtoto kuanza kukaa.

Kuna jambo tusilopenda kulizungumza. Mtoto aliyezaliwa akalia, kisha akafariki, huzikwa siku ile ile na watu wakaondoka kimya. Mara nyingi haandikwi kuzaliwa wala kufa. Lakini fiqhi yetu imempa huyu haki kamili. Akishalia, anaoshwa, anasaliwa, anapewa jina, na anarithi na kurithiwa. Fikiria mama ambaye mumewe alifariki naye ana mimba ya miezi minane. Mtoto akizaliwa akalia dakika kumi, mgawanyo wa mirathi mbele ya Kadhi umebadilika. Neno "alilia" na saa yake, vikiandikwa au visipoandikwa, ndiyo tofauti ya haki ya yule mjane. Mkunga anaweza kudhani anawapunguzia wafiwa machungu kwa kuiacha fomu tupu. Hawapunguzii.

Sasa niwageukie wenye ofisi, maana si haki mzigo wote kumtwika mwanamke aliyeshonwa nyuzi jana. Kalamu wanayo wao. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya deni katika Suratul Baqara, inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu, na yule mwenye kubeba haki ndiye amtamkie. Hivyo ndivyo fomu ya kizazi ingejazwa. Karani aje kitandani, si mama aende dirishani. Aandike akiwa na kitambulisho mkononi, kisha amsomee mama kwa sauti, herufi kwa herufi, kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Amsomee mama mwenyewe, asimsomee shemeji aliyekuja kuchukua mizigo. Dakika tano hizo. Na wodi ya wazazi haina Jumamosi wala Jumapili, kwa hiyo awepo mtu wa kazi hiyo hata siku za mapumziko. Kosa alilolifanya karani alisahihishe karani bila ya malipo, bila ya mama kupanda daladala mara tatu na mtoto mgongoni.

Na nyinyi ambao watoto wenu wameshazaliwa, usiku wa leo vitoeni vyeti kwenye sanduku. Viwekeni sambamba na vitambulisho vyenu na msome jina la mtoto, la baba, la babu, lako, na tarehe. Mtoto akiwa bado hajaandikwa skuli, kuna karatasi moja tu ya kurekebisha. Bi harusi ambaye cheti chako cha ndoa kimebaki kwa baba au kiko kabatini kwa mumeo, omba nakala yako wiki hii, uitie kwenye bahasha.