Mwanga, uvutano na bajeti ya Marekani: Nini kitapotea kituo kimoja kikifungwa?

Pendekezo la bajeti ya Marekani kwa mwaka wa fedha 2026, lililotolewa na Ikulu ya White House mwaka 2025, lilizua wasiwasi mbali na Washington. Pamoja na kutaka fedha za Wakfu wa Taifa wa Sayansi zipunguzwe kwa zaidi ya nusu, lilipendekeza kifungwe kimojawapo kati ya vituo viwili vya LIGO, mtambo unaonasa mawimbi ya uvutano kutoka anga za mbali. Fedha za kuuendesha mtambo huo zingeshuka kutoka takribani dola milioni 48 hadi milioni 29 kwa mwaka.

Serikali ya Marekani inasema matumizi ya umma lazima yapungue. Bunge la nchi hiyo ndilo lenye mamlaka ya mwisho juu ya fedha. Hata hivyo, pendekezo lenyewe limeibua swali ambalo jibu lake halimo katika vitabu vya hesabu za serikali pekee: je, kituo kimoja kinaweza kufanya nusu ya kazi iliyofanywa na viwili? Ili kulijibu, ni lazima kwanza kufahamu jinsi uvutano na mwanga vinavyosafiri.

Mwendo wenye kikomo

Kwa zaidi ya miaka 200 baada ya Isaac Newton kuchapisha kanuni zake mwaka 1687, hesabu za wanasayansi zilichukulia kwamba uvutano hufika papo hapo. Kwa mtazamo huo, jua lingetoweka ghafla, dunia ingeachwa bila mhimili wake katika nukta hiyohiyo.

Albert Einstein alilipindua wazo hilo mwaka 1915. Alieleza kwamba uvutano ni kupindika kwa anga na wakati kunakosababishwa na uzito wa vitu. Mwaka uliofuata akaonyesha kwamba vitu vizito vikienda kwa kasi, mpindiko huo huenea mithili ya mawimbi ya maji, kwa mwendo uleule wa mwanga: takribani kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo, jua likitoweka, dunia ingeendelea kulizunguka kwa zaidi ya dakika nane, na giza lingeingia wakati uleule dunia inapoanza kuiacha njia yake.

Sehemu ya kwanza ya nadharia hiyo ilijaribiwa barani Afrika. Tarehe 29 Mei 1919, Mwingereza Arthur Eddington alipiga picha za kupatwa kwa jua katika kisiwa cha Príncipe, kwenye Ghuba ya Guinea, huku wenzake wakifanya hivyo Sobral nchini Brazil. Picha hizo zilionyesha kwamba mwanga wa nyota hupinda unapopita karibu na jua. Mawimbi yenyewe ya uvutano yalisubiri karibu miaka 100, hadi tarehe 14 Septemba 2015, LIGO ilipoyanasa kwa mara ya kwanza. Yalitoka kwenye mashimo meusi mawili yaliyogongana na kuungana.

Siku mbio zilipopimwa

Ushahidi ulio wazi zaidi kuhusu mwendo wa uvutano ulipatikana tarehe 17 Agosti 2017. Nyota mbili za nyutroni, mabaki mazito ya nyota zilizokufa, ziligongana katika galaksi ya NGC 4993, umbali wa takribani miaka nuru milioni 130. Mawimbi ya uvutano yalifika duniani, na sekunde 1.7 baadaye setilaiti ya Fermi ikanasa mmweko wa miale ya gama, ambayo ni aina ya mwanga usioonekana kwa macho.

Wasafiri wawili walioanza safari pamoja walikuwa wamefika takribani kwa pamoja baada ya miaka milioni 130. Njiani, wote wawili walipita katika anga lililopindwa na uzito wa galaksi yetu. Hata sekunde 1.7 zilizowatenganisha hazimaanishi lazima kwamba mwanga ulikwenda polepole. Yamkini miale ya gama ilichelewa kutoka kwenye vurugu za mgongano wenyewe. Kwa hesabu hiyo, tofauti yoyote ya mwendo kati ya uvutano na mwanga haizidi sehemu chache kati ya milioni bilioni. Nadharia kadhaa zilizobuniwa kueleza upanukaji wa ulimwengu kwa kubadilisha kanuni za uvutano zilianguka kwa tukio hilo moja.

Hata hivyo, wasafiri hao hawana tabia moja. Mwanga huzuiwa na vumbi, hupunguzwa mwendo na maji au kioo, na hauwezi kutoka ndani ya nyota iliyosongamana. Mawimbi ya uvutano hupenya karibu kila kitu bila kudhurika. Uwezo huo wa kupenya ndio unaoyafanya yawe magumu kunaswa: yakipita, hutikisa vioo vya LIGO, vilivyotenganishwa kwa kilomita nne, kwa kipimo kidogo mno kuliko upana wa protoni.

Kwa nini viwili si anasa

Hapa ndipo hoja ya bajeti inapokutana na fizikia. Kituo kimoja cha LIGO kiko Hanford, jimbo la Washington, na kingine Livingston, jimbo la Louisiana, umbali wa takribani kilomita 3,000. Wimbi la uvutano linaweza kufika kituo kimoja hadi mafungu elfu kumi ya milioni ya sekunde, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde, kabla ya kingine. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoonyesha upande lilikotoka, kama vile mtu asikiaye ngoma usiku anavyotambua ilipo kwa sababu ana masikio mawili.

Kituo kimoja hakiwezi kupima tofauti hiyo. Zaidi ya hapo, hakina mwenzake wa kuthibitisha kwamba mtikisiko ulionaswa umetoka angani na si lori linalopita au mitambo yenyewe. Tukio la mwaka 2017 ni mfano tosha: data ya Livingston ilichafuliwa na kelele ya mitambo takribani sekunde moja kabla ya mgongano, na ishara ikatambuliwa kwanza katika data ya Hanford. Baada ya data zote kusafishwa na kuunganishwa na za Virgo, mtambo ulio karibu na Pisa nchini Italia, eneo la kutafutwa angani lilipungua kutoka nyuzi mraba zipatazo 190 hadi zipatazo 30. Saa 11 hivi baada ya mgongano, darubini iliyoko Chile ikaliona tukio lenyewe.

Waswahili husema kidole kimoja hakivunji chawa. Virgo ya Italia na KAGRA ya Japani zipo, lakini hisia zake bado ni dhaifu kuliko za LIGO. India iliidhinisha mwaka 2023 ujenzi wa kituo chake katika jimbo la Maharashtra, ila kazi hiyo itachukua miaka. Ulaya inatafakari mahali pa kuchimba Darubini ya Einstein chini ya ardhi, huku Shirika la Anga la Ulaya likipanga kurusha vyombo vitatu vya mradi wa LISA mwaka 2035. Pengo likitokea sasa, hakuna wa kuliziba upesi.

Afrika si mtazamaji

Ni rahisi kudhani kwamba haya ni mambo ya mataifa tajiri. Historia inasema vingine. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kukitambua chanzo cha Cygnus X-1 kuwa makazi ya shimo jeusi.

Mwaka 2017 pia, darubini za H.E.S.S. nchini Namibia na SALT nchini Afrika Kusini zilielekezwa kwenye mgongano wa nyota za nyutroni. Afrika Kusini sasa inajenga sehemu ya darubini kubwa ya redio ya SKA, na Kenya, Msumbiji na Zambia ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zinazoshirikiana nayo. Darubini hizo hupokea mwanga wa aina mbalimbali, lakini ili ziuwahi kabla haujafifia, zinahitaji kwanza kuambiwa upande wa kutazama. Taarifa hiyo hutoka kwa vituo vya uvutano.

Kwa hiyo, kituo kimoja kikizimwa Marekani, hasara haitabaki Hanford au Livingston. Itafika Sutherland, Windhoek na popote mtafiti kijana anaposubiri ishara ya kuelekeza darubini yake. Kati ya matukio zaidi ya 200 ya mawimbi ya uvutano yaliyokwisha kunaswa, ni lile la mwaka 2017 pekee ambalo uvutano na mwanga wake vilionekana pamoja bila shaka. La pili linaweza kuwa tayari njiani, kwa safari iliyoanza kabla ya kuwapo binadamu. Mawimbi hayo yatapita mara moja tu, na bajeti ya mwaka unaofuata haitaweza kuyarudisha.