Kabla ya rimu na spoila, hesabu mikanda ya nyuma

Siku hizi gari hununuliwa kwa simu. Picha zinakuja kutoka Japani au kutoka yadi za Unguja, baba anazipitisha kwa kidole, mama anaitwa naye aangalie. Kwa familia nyingi changa za Chake Chake, Wete na Mkoani, macho hutua kwenye gari dogo lenye umbo la kimichezo: Toyota Vitz RS, Honda Fit RS au Suzuki Swift Sport. Halili mafuta kama gari kubwa, linapanda vilima vya Pemba bila kulalamika, na baba wa watoto watatu akilikalia usukani bado anajiona kijana. Hakuna ubaya katika hilo.

Tatizo lipo kwenye mpangilio wa matangazo. Yanaanza na rimu, spoila ya nyuma, vioo vyeusi na muziki. Vile vitakavyoamua kama mtoto atashuka mzima baada ya ajali vinaandikwa mwisho kwa herufi tatu tatu, ABS, VSC, SRS, au haviandikwi kabisa. Na kwa kuwa magari haya ni ya mtumba, mawili ya mwaka mmoja na rangi moja yanaweza kutofautiana sana ndani. Mnunuzi wa kwanza kule Japani ndiye aliyechagua alipie nini cha ziada na aache nini. Mzazi wa Pemba anarithi uchaguzi wake.

Ni jambo la afya, si la fundi peke yake

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Shirika hilo linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa aliye ndani ya gari kwa hadi nusu.

Namba hizo zinaeleweka vizuri zaidi kwa mfano wa shambani. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta, mtu asiyefunga mkanda anakwenda mbele kwa kasi ileile ambayo angefika nayo chini kama angeanguka kutoka juu ya mkarafuu wa mita 10. Hakuna mzazi wa Pemba anayehitaji kuelezwa maana ya kuanguka mkarafuu. Lakini mzazi huyohuyo humpakata mtoto kiti cha mbele akiamini mikono yake itamzuia. Katika mgongano wa namna hiyo, mtoto wa kilo 10 anavuta mikono kama mzigo wa zaidi ya kilo 150. Hakuna mama wala baba mwenye mikono hiyo.

Kisiwani kuna sababu moja zaidi ya kuwa na hadhari. Majeruhi mwenye hali nzito anaweza kuhitaji kupelekwa Mnazi Mmoja, Unguja, na kati ya hapa na huko kuna bahari.

Cha kwanza: mikanda, mmoja kwa kila mtoto

Kabla ya kufungua boneti, mzazi afungue mlango wa nyuma. Ahesabu mikanda, auvute kila mmoja mpaka mwisho, kisha auvute kwa ghafla kuona kama unakamata. Aufunge kwenye kifungo chake na kuutikisa. Mkanda uliochanika, uliofifia kwa jua au usiorudi wenyewe ni wa kubadilishwa.

Aangalie na kiti cha katikati. Magari mengi ya zamani yana mkanda wa kiunoni tu hapo, bila ule unaopita begani. Kwa familia ya watoto watatu hiyo si kasoro ndogo, kwa sababu kuna mtoto atakayekaa hapo kila siku ya skuli.

Kisha aingize vidole kati ya mgongo wa kiti na kikalio. Akigusa vyuma viwili vilivyojikunja kama pete, hizo ni nanga za ISOFIX za kushikia kiti cha mtoto. Magari mapya ya Japani yalilazimishwa kuwa nazo kuanzia Julai 2012, ingawa baadhi ya yaliyotangulia yalikuwa nazo pia. Zikikosekana si mwisho wa dunia, kwani viti vingi vya watoto hufungwa vizuri kwa mkanda wa kawaida wa gari. Muhimu kiti kiwe na kibandiko cha kiwango cha ECE R44 au R129, na kiwe hakijawahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali.

Mchanga akae akitazama nyuma, angalau mpaka avuke miezi 15, na zaidi ya hapo ikiwa kiti kinamruhusu. Mkubwa kidogo atumie kiti cha kumnyanyua mpaka afike kimo cha sentimita 135 hadi 150, ili mkanda umpite begani usimkate shingoni. Mama mjamzito naye afunge mkanda: wa chini upite chini ya tumbo juu ya nyonga, wa juu upite katikati ya matiti.

Kwenye mlango wa nyuma kuna pia kiswichi kidogo cha kuzuia mtoto asifungue akiwa ndani. Akiwashe, aufunge mlango, ajaribu kuufungua kwa ndani. Na kama gari ni Vitz RS ya kizazi cha kwanza, aulize idadi ya milango, maana zipo zilizotengenezwa bila milango ya nyuma. Kumfunga mtoto anayelia huku umejikunja nyuma ya kiti cha dereva ni kazi ambayo baada ya wiki mbili watu huiacha, na mtoto akabaki bila kufungwa.

Cha pili: mifuko ya hewa iliyo hai

Mifuko ya hewa, ambayo mafundi huiita eabegi, huandikwa SRS kwenye usukani na dashibodi. Maandishi hayo hayathibitishi kuwa mfuko bado umo. Gari lililogongwa Japani au mahali pengine linaweza kuwa limefumua mifuko yake, kisha likafunikwa vizuri na kuuzwa.

Jaribio lake ni la bure. Mzazi aweke ufunguo na kuwasha umeme bila kuwasha injini. Taa ya SRS lazima iwake kwa sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliikata ili ifiche hitilafu. Taa ya ABS ijaribiwe hivyohivyo. Karatasi ya mnada wa Japani, kama ipo, isomwe pia: daraja la R au RA kwa kawaida humaanisha gari liliwahi kutengenezwa baada ya ajali.

Kuna suala la pili linalowahusu hasa wakazi wa nchi za joto na unyevunyevu. Mifuko mingi iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ilikuwa na kemikali ambayo huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu. Mfuko ukifumuka, kikopo chake cha chuma kinaweza kupasuka na kurusha vipande usoni na shingoni. Watu zaidi ya 20 walifariki duniani, makumi ya mamilioni ya magari yakaitwa yarudishwe kubadilishwa kifaa hicho, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Yaliyoitwa yalikuwa ya kampuni nyingi, zikiwemo Toyota, Honda, Nissan na Mazda, na Honda Fit ilikuwa miongoni mwake. Kwa hivyo mnunuzi aombe namba ya chesisi kabla ya kulipa, aitazame kwenye tovuti ya mtengenezaji, na adai uthibitisho kuwa kifaa kimebadilishwa. Muuzaji anayekataa kutoa namba ya chesisi ameshajibu swali.

Na kanuni isiyo na msamaha: kiti cha mchanga kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko huo ukifumuka unampiga mtoto kichwani.

Cha tatu: kusimama na kushika njia

ABS huzuia magurudumu yasijifunge dereva anapokanyaga breki kwa nguvu, hivyo usukani unaendelea kutii. VSC, ambayo Suzuki huiita ESP, huzuia gari lisiteleze ubavu. Kwenye kona za vilima wakati wa masika, barabara ikiwa na maji na matope, hiyo ndiyo nyongeza yenye thamani kuliko zote katika gari lenye nguvu. Japani iliilazimisha kwa magari madogo mapya ya kawaida kwa hatua, 2012 kisha 2014. Kwa ya kabla ya hapo ilikuwa ya hiari kwa mengi, kwa hivyo itafutwe kwenye swichi za dashibodi wala isidhaniwe tu kuwa ipo.

Hapa ndipo toleo la kimichezo linapoweza kumfaa mzazi kweli. Swift Sport, kwa mfano, ina breki za diski mbele na nyuma. Mwenye kulipenda gari hilo ana hoja ya kumweleza mwenzake nyumbani, mradi breki zenyewe zikaguliwe.

Matairi yasomwe ubavuni. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi la miaka mingi linaweza kuwa na kashata nzuri na mpira uliokwishakakamaa. Rimu kubwa nazo huja na tairi jembamba ubavuni, kama la 195/50R16, ambalo halivumilii mashimo. Bei yake iulizwe Chake kabla ya gari kununuliwa.

Vya kuachwa kwa roho safi

Bodi iliyoshushwa chini itakwaruza kwenye matuta na njia za kuingilia vijijini. Vioo vyeusi sana humnyima dereva macho usiku. Ramani ya Japani haijui Konde iko wapi, na redio yake nyingi huishia 90 FM, hivyo stesheni za juu ya hapo hazisikiki bila kifaa cha kuongezea. Spoila kwa mwendo wa mjini ni pambo. Kiyoyozi kisidharauliwe, kwa sababu watoto waliofungwa vizuri huku wakitokwa jasho watataka kufunguliwa.

Hesabu yenyewe ifanywe na wote wawili, baba na mama, siku moja kabla ya kutuma fedha. Kwanza waandike nani atakaa wapi na kwa mkanda upi. Kisha watoe kwenye akiba yao bei ya viti vya watoto, matairi manne na ukaguzi wa fundi wanayemwamini. Kinachobaki ndicho cha kununulia gari. Kikitosha Vitz RS yenye VSC na mikanda mitatu kamili nyuma, waichukue kwa furaha. Kikitosha Vitz ya kawaida yenye vitu hivyo, waichukue hiyo, na rimu zisubiri msimu mwingine wa karafuu.